Kabla ya Kukokotoa, Uliza Kama Taarifa Zinatosha

Maoni ya mwalimu wa Hisabati

Kitabu hiki kimejaa maswali na majibu, na ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Mimi nimepewa kurasa chache niseme ninachofikiri kuhusu aina moja ya maswali ambayo wanafunzi wengi wanaiogopa, na ambayo walimu wengi, nikiwemo mimi kwa miaka kadhaa, tumekuwa tukiiruka. Ni maswali yasiyouliza "jibu ni ngapi?" Yanauliza, "kwa taarifa hizi ulizopewa, jibu linaweza kupatikana?" Nataka kuzungumzia hasa yale ya kutolingana, yaani yenye alama za > na <, yanayohusu namba kamili chanya: 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Huko ndiko makosa mengi yanakozaliwa, na huko ndiko nilikomwonea mwanafunzi wangu.

Nianze na kosa lenyewe. Niliwapa Kidato cha Tatu zoezi la mwisho wa juma. Swali la nne lilikuwa hili:

x na y ni namba kamili chanya. Je, xy > 10?
Taarifa ya 1: x + y = 7
Taarifa ya 2: x > 4

Kwa asiyewahi kuyaona maswali haya, majibu ya kuchagua huwa ni matano, na hayabadiliki. A: taarifa ya 1 peke yake inatosha, ya 2 peke yake haitoshi. B: ya 2 peke yake inatosha, ya 1 peke yake haitoshi. C: hakuna inayotosha peke yake, lakini zote mbili kwa pamoja zinatosha. D: kila moja inatosha peke yake. E: hata ukiziunganisha, hazitoshi. Yanajulikana zaidi kwenye mtihani wa GMAT, unaofanywa na watu wanaoomba kusoma shahada ya uzamili ya biashara katika vyuo vingi vya nje, lakini hesabu zilizomo ndani yake ni hizi hizi za sekondari.

Nilisahihisha usiku, daftari baada ya daftari, majibu yangu niliyoyaandaa yakiwa pembeni. Njia yangu ilikuwa nzuri kuitazama. Kutoka taarifa ya 1, y = 7 − x. Kwa hiyo swali linakuwa: je, x(7 − x) > 10? Ukipanga upya unapata x² − 7x + 10 < 0, na ukitenganisha katika mabano, (x − 2)(x − 5) < 0. Hiyo ni kweli pale tu x inapokuwa kati ya 2 na 5. Taarifa ya 2 inasema x imezidi 4. Basi, nikajiambia, x ikiwa kati ya 4 na 5 jibu ni ndiyo. Ikiwa 5 au zaidi jibu ni hapana. Mara ndiyo, mara hapana, kwa hiyo hazitoshi. Jibu ni E. Nikapiga mstari chini yake, nikaanza kugawa alama.

Daftari la msichana mmoja anayekaa nyuma, karibu na dirisha, lilikuwa na mistari mitatu tu:

5 × 2 = 10
6 × 1 = 6
Zinatosha. xy haizidi 10. C.

Nikamwekea kosa kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: "Njia iko wapi?"

Asubuhi nikafanya masahihisho ubaoni, mabano na yote. Nakumbuka sauti ya vifutio. Kulikuwa na wanafunzi waliokuwa wamepata C, wakawa wanaifuta waandike E kwa sababu mwalimu amesema. Wakati wa mapumziko yule msichana akaja ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Samahani, mwalimu, ni swali la nne. Naomba unitajie x moja tu ambayo inafanya jibu liwe ndiyo."

Nikafungua mdomo nimwambie nne na nusu. Nilifika kwenye "nne na", nikanyamaza. Kati ya 4 na 5 hakuna namba kamili hata moja. Kama x imezidi 4 na jumla ni 7, x ni 5 au ni 6, basi. Jozi ni mbili tu, (5, 2) na (6, 1). Zao la kwanza ni 10, ambalo halizidi 10, na la pili ni 6. Kila mara jibu ni hapana. Taarifa zinatosha. Jibu ni C, na mistari yake mitatu ilikuwa na kila kitu kilichohitajika, isipokuwa mapambo.

Kilichoniuma hakikuwa kukosea. Mwalimu anakosea, anarudi darasani, anasema nilikosea, na maisha yanaendelea. Nami nilifanya hivyo kipindi kilichofuata. Kilichoniuma ni yale maneno "Njia iko wapi?" Nilikuwa nimemwambia mtoto aliyefikiri sawasawa kwamba kufikiri kwake si hisabati kwa kuwa hakuna mabano ndani yake. Na kama angekuwa mtoto wa kunyamaza, ambao ndio wengi, angeondoka na kosa langu akidhani ni lake.

Tangu siku hiyo nina maoni ambayo baadhi ya walimu wenzangu hawayapendi. Tunawafundisha wanafunzi kukokotoa kabla ya kuwafundisha kuuliza kama kuna cha kukokotoa. Wakiona namba mbili wanazijumlisha au wanazizidisha. Wakiona herufi mbili wanatafuta milinganyo miwili. Mkono unatangulia, akili inafuata nyuma ikihema.

Hili si tatizo la kwetu peke yetu. Mwaka 1980 taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa hisabati ya Grenoble, Ufaransa, ilichapisha matokeo ya swali walilowapa watoto wa shule ya msingi: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa jibu kwa kuchezea zile namba. Ukijumlisha unapata 36, umri unaomfaa kabisa nahodha, ndiyo maana jibu linavutia. Wanafunzi wangu hucheka sana nikiwasimulia. Halafu nawapa swali la daftari na kalamu, na kicheko kinaisha.

Swali lenyewe ni hili. Daftari moja ni shilingi 700, kalamu moja ni shilingi 300. Mama alinunua daftari na kalamu, angalau moja ya kila aina, akalipa shilingi 2,300. Je, taarifa hizi zinatosha kujua alinunua daftari ngapi?

Darasa zima hujibu kwa sauti moja: hazitoshi! Vitu visivyojulikana ni viwili na mlinganyo ni mmoja. Hiyo ndiyo kanuni waliyokaririshwa tangu Kidato cha Kwanza, na kwa namba za kila aina ni kanuni ya kweli. Lakini hakuna duka linalouza daftari moja na robo. Hebu hesabu. Ukigawa kila kitu kwa 100, unapata 7d + 3k = 23. Daftari 1: zinabaki 16, ambazo hazigawanyiki kwa 3. Daftari 2: zinabaki 9, kalamu 3, sawa. Daftari 3: zinabaki 2, haziwezekani. Daftari 4 zimeshapita 23. Basi ni daftari 2, na hakuna jibu lingine. Mlinganyo mmoja umetosha.

Sasa badilisha kiasi tu. Mama alilipa shilingi 4,100. Yaani 7d + 3k = 41. Daftari 2 na kalamu 9 zinakubali, maana 14 + 27 = 41. Daftari 5 na kalamu 2 nazo zinakubali, maana 35 + 6 = 41. Majibu ni mawili, kwa hiyo taarifa haitoshi. Ukiongezewa taarifa kwamba kalamu zilikuwa nyingi kuliko daftari, yaani k > d, jozi ya pili inaanguka na inabaki ya kwanza peke yake. Taarifa ya k > d ikiwa peke yake haina thamani kubwa, kwa kuwa jozi zinazoitimiza hazina mwisho. Ikikutana na ile ya shilingi 4,100 inamaliza kazi. C.

Tazama kilichotokea: duka ni lile lile, bei ni zile zile, na hakuna kanuni ya kukariri itakayokuambia kwamba 2,300 inatosha na 4,100 haitoshi. Lazima uingie ndani uhesabu jozi. Ndiyo maana nayapenda maswali haya. Huwezi kuyajibu kwa kukumbuka.

Nirudi kwenye maneno "namba kamili chanya", kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wanapopoteza alama nyingi bila kujua. Wengi huyasoma kama salamu ya mwanzo wa barua, kitu cha kupitia haraka ili wafike kwenye habari yenyewe. Nyinyi mnafanya mtihani kwa Kiingereza, na nimeona kwamba maneno yakiwa ya kigeni ndiyo mnazidi kuyaruka. Moja ya sababu za kuandika ukurasa huu kwa Kiswahili ni hiyo. Maneno hayo ni taarifa ya tatu. Au niseme taarifa mbili, maana "kamili" ina kazi yake na "chanya" ina yake.

Chukua mfano huu. n ni namba kamili chanya, na 20 < n² < 30. n ni ngapi? Vipeo vya pili vya jirani ni 16, 25 na 36. Ni 25 tu iliyo kati ya 20 na 30, kwa hiyo n = 5. Taarifa imetosha. Sasa futa neno "chanya". Namba −5 nayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta 25. Majibu yamekuwa mawili, taarifa haitoshi tena. Rudisha "chanya", futa "kamili". Sasa 4.6 inaingia, maana kipeo chake cha pili ni 21.16, 5.1 inaingia pia, na nyingine zisizo na idadi. Haitoshi. Alama za kutolingana hazikuguswa hata moja. Neno moja limeondoka na jibu limegeuka.

Neno "chanya" lina kazi nyingine ambayo haionekani haraka. Mnajua kwamba ukizidisha au kugawanya pande zote za kutolingana kwa namba hasi, alama inageuka. Kwa hiyo usipojua kama herufi ni hasi au chanya huruhusiwi kugawanya kwa herufi hiyo. Ukiambiwa xz > yz, na hujui z ni ya aina gani, huwezi kusema kama x > y. Jaribu z = −1, x = 1, y = 2: unapata −1 > −2, ambayo ni kweli, ilhali x ni ndogo kuliko y. Lakini swali likianza kwa kusema herufi zote ni chanya, ruhusa umepewa. Gawanya kwa z, na taarifa inatosha. Wanafunzi wazuri, wale wa kwanza darasani, ndio wanaokosea hapa, kwa sababu wameikariri tahadhari kiasi kwamba wanaogopa kugawanya hata pale wanaporuhusiwa.

Kosa lingine, na hili nimeliona kila mwaka: kuchanganya "hapana" na "hazitoshi". Swali likiuliza "Je, xy > 10?", na wewe ukagundua kwamba kamwe haizidi, hilo ni jibu kamili. Umejua. Mtu akikuuliza kama duka limefunguliwa, nawe umetoka huko umeona kufuli mlangoni, humwambii "sina taarifa za kutosha". Unamwambia halijafunguliwa. "Hazitoshi" ni pale ambapo hukupita dukani. Mwanafunzi anayechanganya haya mawili hukokotoa vizuri kabisa hadi mstari wa mwisho, halafu anachagua E badala ya C, na hakuna mwalimu anayeweza kumpa alama za huruma maana ni swali la kuchagua.

Sasa niseme kuhusu kujaribu namba, kwa sababu baada ya kisa changu na yule msichana nilianza kusifia sana kujaribu namba, na nikaleta ugonjwa mwingine. Darasa likaacha kufikiri kwa herufi. Kila swali wanajaribu namba tatu za karibu, wakiona zinakubaliana wanaandika "inatosha".

Tukajaribu hili. n ni namba kamili chanya. Je, 2ⁿ > n²? Taarifa: n > 1. Wakaanza. n = 2: 4 na 4, haizidi. n = 3: 8 na 9, haizidi. n = 4: 16 na 16, haizidi. Mara tatu mfululizo hapana. Wakaandika: inatosha, jibu ni hapana. Nikawaambia wajaribu 5. Wakapata 32 na 25. Ndiyo! Taarifa haikutosha, na namba tatu zilizokubaliana zilikuwa zimewadanganya.

Hapa kuna tofauti ambayo ningependa kila mwanafunzi aishike kabla ya kitu kingine chochote kwenye mada hii. Kuonyesha kwamba taarifa haitoshi ni kazi nyepesi: mfano mmoja wa ndiyo, mfano mmoja wa hapana, umemaliza, hata kama umeibahatisha. Kuonyesha kwamba inatosha ni kazi nzito. Ama uorodheshe jozi zote bila kubakisha hata moja, ama ulete hoja inayozifunika zote kwa mara moja. Yule msichana hakujaribu namba mbili kwa kubahatisha. Aliorodhesha zote zilizopo, na zilikuwa mbili. Orodha yake ilikuwa na mwisho kwa sababu jumla ilikuwa 7 na namba zilikuwa kamili na chanya. Nilipoandika "Njia iko wapi?" sikuona kwamba orodha iliyokamilika ndiyo njia.

Kama orodha haina mwisho, inabidi urudi kwenye hoja. Kwa lile swali la 2ⁿ, taarifa ikisema n > 4, je, inatosha? Inatosha, na jibu ni ndiyo, lakini huwezi kuorodhesha 5, 6, 7 hadi mwisho wa dunia. Fikiri hivi. Kwenye 5, upande wa kushoto uko mbele: 32 dhidi ya 25. Kila n inapoongezeka kwa 1, kushoto kunazidishwa kwa 2. Kulia, kutoka 25 kwenda 36 ni kuzidishwa kwa 1.44, na hatua zinazofuata ni ndogo zaidi: kutoka 36 kwenda 49 haifiki hata 1.4. Aliye mbele anakimbia zaidi ya aliye nyuma, kwa hiyo hatafikiwa. Hoja hiyo ya mistari minne inafunika namba zote.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia ninawapotezea watoto muda. Maswali haya hayako kwenye mtihani wa Kidato cha Nne, alisema, na muda wa kumaliza silabasi hautoshi. Kuhusu muda ana haki, sitabishana naye. Kuhusu mengine sikubaliani naye. Kwenye mtihani huo huo kuna ile mada ya kuchora maeneo ya kutolingana na kutafuta faida kubwa kabisa au gharama ndogo kabisa. Kona ya eneo mara nyingine inaangukia kwenye 3.5 na 4.2, na vitu vinavyohesabiwa ni meza na viti, au ng'ombe na mbuzi. Mwanafunzi anaandika meza 3.5 na kuendelea mbele kwa raha zake. Nimewahi kusahihisha swali la wasafiri 130 na gari linalobeba watu 28. Kutolingana kulikuwa sawa, 28n ≥ 130, na nusu ya darasa waliandika magari 4.64. Wengine wakakadiria vizuri kadiri ya desimali wakapata 4.6. Wachache waliandika 4, kwa maana hiyo wakaacha watu 18 kituoni. Jibu ni 5, na kulipata hakuhitaji hesabu nyingine zaidi ya kukumbuka kwamba n ni gari.

George Pólya, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria, katika kitabu chake How to Solve It cha mwaka 1945, anaweka swali la kama masharti yanatosha miongoni mwa maswali ya mwanzo kabisa ambayo mwanafunzi ajiulize, kabla hajapanga namna ya kulikabili tatizo. Sisi tumelipeleka mwisho, au tumeliacha kabisa, kwa kuwa maswali yetu ya vitabuni daima yanatosha. Mwandishi wa swali ameshahakikisha. Mwanafunzi anajua kwamba kila namba iliyotajwa lazima itumike na kwamba jibu lipo. Kwa miaka minne anaishi katika ulimwengu ambao taarifa hazipungui wala hazizidi. Kisha anamaliza shule, anakwenda kukopa fedha au kununua kiwanja, na huko hakuna aliyemhakikishia chochote.

Ushauri wangu wa namna ya kuyakabili ni mfupi. Funika taarifa ya pili kwa kiganja usome ya kwanza peke yake, kisha ufanye kinyume. Nasema kwa kiganja kweli, usicheke. Macho yakishaiona taarifa ya pili, akili inaitumia bila ruhusa. Ukiona x + y = 7 na namba ni kamili chanya, andika jozi zote sita palepale pembeni ya karatasi. Anza na zile za mipakani, maana hapo ndipo 10 isiyozidi 10 inapojificha. Na usikokotoe zaidi ya inavyohitajika. Ukishapata ndiyo moja na hapana moja, weka kalamu chini.

Haya hapa matatu ya kujipima. Herufi zote ni namba kamili chanya.

Swali la 1. Je, a + b > 8? Taarifa ya 1: ab = 12. Taarifa ya 2: a > b + 1.

Swali la 2. Je, m < n? Taarifa ya 1: 3m < 2n. Taarifa ya 2: m² < mn.

Swali la 3. p ni ngapi? Taarifa ya 1: 4p + 5q = 31. Taarifa ya 2: p > q.

Usisome chini kabla hujamaliza.

La 1 ni E. Taarifa ya 1 inaruhusu 12 na 1, jumla 13. Inaruhusu pia 4 na 3, jumla 7. Ya 2 peke yake inaruhusu 3 na 1, na pia 20 na 1. Ukiziunganisha zinabaki (12, 1) na (6, 2). Ya kwanza ni ndiyo. Ya pili jumla yake ni 8, na 8 haizidi 8. La 2 ni D: kwenye taarifa ya 1, m ni ndogo kuliko theluthi mbili za n, na theluthi mbili za n chanya haziwezi kufika n, kwenye ya 2, gawanya kwa m, maana umeruhusiwa. La 3 ni A. Jaribu q kuanzia 1 hadi 5, kwani q ikiwa 6 zinabaki 1 tu, ambayo haitoshi 4. Ni q = 3 peke yake inayoacha namba inayogawanyika kwa 4, yaani 16, hivyo p = 4. Taarifa ya 2 haikuhitajika, ingawa ni kweli. Kama uliandika C kwenye la 3, hukufunika kwa kiganja.